Mnavu wa Bibi Katika Makabati ya Fort Worth

Simu ilinikuta jikoni kwangu, Missouri City, nje kidogo ya Houston, nikichambua mchicha wa dukani, ule unaouzwa umefungwa kwenye mfuko wa plastiki kana kwamba ni zawadi. Namba ilikuwa ya Fort Worth. Namba nisiyoijua huwa siipokei. Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba mtu asiyekufahamu akikupigia, kuna kitu anakitaka. Ilipolia tena nikapokea, lakini sikusema haloo. Nilitaka yeye aanze.

Sauti ya msichana ikataja jina la bibi yangu. Alilitamka vibaya, lakini lilikuwa lenyewe, jina lake la ubatizo na lile la Kirundi. Nikavuta kiti nikakaa. Bibi tulimzika Irving miaka mingi iliyopita, na katika uhai wake hakuwahi kumiliki simu wala kadi ya benki. Nani anamtafuta, na kwa nini leo?

Msichana akaeleza kwamba anafanya kazi katika nyumba inayohifadhi mimea iliyokaushwa. Walikuwa wanaipiga picha mimea yao yote ili mtu wa popote duniani aweze kuiona kwenye kompyuta. Kwenye mmea mmoja kulikuwa na jina la bibi, na alitaka kujua kama familia ingekubali jina hilo lionekane na kila mtu. Namba yangu alipewa na parokia yetu ya zamani.

"Na mnataka nini kingine?" nikamwuliza.

"Hicho tu," akasema.

Nikamwambia sitajibu kwenye simu. Nitakuja nione kwa macho yangu.

Jumamosi iliyofuata nikaendesha gari kupanda Dallas, na kabla ya kwenda Fort Worth nikapita Irving. Nilitaka kuiona tena ile nyasi nyuma ya apartimenti tulizoishi zamani. Haipo. Pamejengwa ghala refu jeupe lisilo na dirisha, na malori yamepangwa mgongo kwa mgongo. Nikaegesha gari kando, injini ikiwaka, na mlinzi akaanza kunitazama vile wanavyotutazama. Nikaondoka. Lakini njiani kila kitu kilikuwa kimesharudi.

Tulifika Irving nikiwa mtoto wa shule ya msingi: mimi, mama yangu, na bibi, mama yake mama. Tulitoka kambi ya wakimbizi kule Kigoma, ambako mimi nilizaliwa na ambako bibi alikuwa amezeekea. Apartimenti yetu ilikuwa ya chini. Ndege zilipita juu ya paa zikiwa zimeshatoa magurudumu, na kila ilipopita moja bibi alikatiza maneno yake, akasubiri, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Mama alisafisha vyumba katika hoteli karibu na uwanja wa ndege. Alirudi mikono inanuka dawa ya vyoo, na bibi alimpaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja.

Bibi hakuiamini ile nyumba. Darini kulikuwa na kile kidude cha kunusa moshi, na kila alipokaanga vitunguu kililia. Yeye aliamini kinatushtaki. "Kinamwambia nani?" aliniuliza. Nikamwambia hakimwambii mtu. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyedanganywa, akakifunika kwa kitambaa cha kichwani.

Ila kulikuwa na watu wetu. Ghorofa ya juu yetu aliishi mama mmoja, Mrundi kama sisi, aliyefanya kazi ghalani. Alikuwa na mtoto wa kiume mdogo, bado hajaanza shule, na akienda kazini alimwacha kwa bibi. Hakuna aliyeomba wala kushukuru, ilikuwa hivyo tu. Milango ya chini na ya juu haikufungwa mchana. Mtoto alikula pale njaa ilipomkuta, na mimi vilevile. Ukisikia harufu ya maharage yenye mawese inashuka ngazi, ulipanda. Ikipanda harufu ya dagaa, jirani aliteremka na sahani yake mkononi.

Nyuma ya majengo kulikuwa na uzio wenye tundu, na ng'ambo ya tundu hilo kulikuwa na ile nyasi, ikishuka mpaka kwenye mfereji na reli ya treni ya mjini. Huko ndiko bibi alikokutana na mnavu. Ulikuwa umejiotea kando ya mfereji, majani ya kijani iliyokolea, vijiua vyeupe, vitunda vyeusi vidogo. Alichuchumaa akaugusa, akavunja jani akalinusa. "Umetufuata mpaka huku," akasema. Siku hiyo alicheka, na bibi hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Kuanzia hapo tukala mnavu. Aliuchemsha, akamwaga maji ya kwanza ili kuondoa uchungu, akautia chumvi na karanga za kusaga. Kwa ugali wa moto, mbele ya dirisha lililojaa mvuke, ule uchungu kidogo unaobaki nyuma ya ulimi. Mpaka leo sijaupata katika chakula chochote kingine.

Ndipo akaja Mama Magazeti. Jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa Mzungu, mzee, mrefu, mwenye kofia pana na buti za matope. Alitembea kwenye ile nyasi na mkasi, akikata mimea na kuilaza kati ya kurasa za gazeti, kisha akaibana kwa mbao mbili na mikanda. Kwa siku kadhaa tulimchungulia kutoka dirishani. Jirani wa juu alisema ni mtu wa uhamiaji. Mama alisema ni mtu wa mwenye nyumba, anatafuta sababu ya kutupandishia kodi. Bibi alianza tu kwenda kuchuma asubuhi mapema.

Siku moja wakakutana uso kwa uso kando ya mfereji, nami nikiwepo. Yule mama alitabasamu, akauonyesha mnavu uliokuwa kwenye kanga ya bibi, akaniuliza kwa Kiingereza tunauitaje. Nikamgeukia bibi.

"Mwambie ni majani ya mbuzi," bibi akasema.

"Bibi, sisi hatuna mbuzi."

"Mwambie hivyohivyo. Mtu anayechukua majani bila kuyala anatafuta nini? Akijua ni chakula, kesho watalima wao na kutuwekea uzio."

Nikatafsiri kama nilivyoambiwa. Mama Magazeti akauliza jina la bibi, na bibi, kwa kuwa uongo wa jina la mtu aliuona ni dhambi, akalitaja. Yule mama akakata tawi, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Bibi alimsindikiza kwa macho mpaka kofia ikapotea.

Muda si mrefu mtoto wa jirani akaugua. Tulikuwa tumeshakula mchana, ugali na mnavu, yeye akatoka kucheza na wenzake. Jioni akaanza kutapika. Tumbo likamkata, akawa anasinzia katikati ya kulia, na ukimwita alifungua macho bila kukuona. Mama yake alipofika kutoka kazini alimkuta mikononi mwa bibi. Wakampeleka hospitali. Huko daktari akauliza mtoto kala nini.

"Majani," mama yake akajibu. "Majani anayochuma bibi wa chini."

Sijui alilisema vipi neno hilo, maana sikuwepo. Ila kesho yake mtu wa ustawi wa watoto alikuwa sebuleni kwetu, mwanamke mpole mwenye kitambulisho shingoni, akitazama sufuria, friji, na kile kitambaa kwenye kidude cha moshi. Mama alikuwa amempigia nesi mmoja Mkenya aliyekaa Carrollton, tuliyemfahamu kanisani, aje atutafsirie. Alikuja akiwa bado amevaa nguo za kazi. Akauona mnavu uliobaki kwenye beseni, akatabasamu.

"Hii si managu? Mimi nimekula hii tangu nikiwa mtoto."

Yule mwanamke akampa simu yake aangalie. Kwa Kiingereza mmea ule una jina la kutisha, na chini ya jina palikuwa na picha ya fuvu la kichwa. Nesi akasoma. Akasoma tena. Tabasamu likamtoka polepole, akamrudishia simu.

"Mama," akamwambia mama yangu kwa sauti ya chini, "mimi wacha nitafsiri tu. Siwezi nika-confirm chochote. Nina license yangu. Na wewe usi-sign kitu hujaelewa."

Baada ya hapo kila kitu kikabadilika sura. Mama alituweka kitako, mimi na bibi, akasema nikiulizwa shuleni tunakula nini nyumbani, niseme piza. Mlango wa juu ukafungwa. Kwenye ngazi watu walikuwa wanaongea, tukipita wakanyamaza. Nilisikia mmoja akisema kwamba kule kambini bibi alikuwa mtu wa dawa, na mtu anayejua dawa anajua na nyingine. Jambo hilo lilikuwa kweli nusu, na ndiyo maana liliuma. Bibi aliwahi kuwapa watu majani ya homa na ya tumbo. Wengi wao walikuwa hai, wakiishi majengo hayohayo.

Lakini kilichoniogopesha kuliko vyote hakikuwa maneno ya watu. Bibi mwenyewe alianza kujishuku. Aliacha kupika. Niliamka asubuhi nikamkuta amekaa mezani, ameshika jani moja, analigeuza mbele na nyuma. Akaninyooshea viganja.

"Ninuse," akasema.

Nikanusa. Vilinuka sabuni.

"Labda udongo wa huku unaugeuza," akasema. "Labda si wenyewe. Labda nimezeeka na macho yamenidanganya, nimemlisha mtoto wa watu sumu kwa mkono wangu."

Alasiri ile akashuka mferejini akaanza kung'oa. Aling'oa shina baada ya shina, akiyatupa majini, mimi nikimfuata nikilia na kumwomba aache. Hapo ndipo Mama Magazeti alipotukuta. Akauliza kuna nini. Sikungoja ruhusa ya bibi. Nilimweleza yote: mtoto, hospitali, mwanamke wa ustawi, fuvu la kichwa kwenye simu. Akasikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyekuwa ameliuliza.

"Watoto huwa wanacheza wapi?"

Nikampeleka karibu na reli, penye vumbi na mabomba ya zege. Huko kulikuwa na mmea mwingine, mfupi, wenye miiba midogo na majani ya rangi ya majivu, umejaa vitunda vya manjano kama vinyanya vya kuchezea. Kwenye matawi ya chini, kwenye kimo cha mtoto, vilikuwa vimechumwa. Vingine vililala chini, vimeng'atwa. Akavaa glavu, akakata tawi lake, akachukua na shina moja la mnavu kati ya yaliyosalia. Akaomba bibi aende naye Fort Worth, kwenye nyumba yao ya mimea iliyokaushwa, akailinganishe mwenyewe.

Bibi alikataa. Alisema wakishamfikisha huko hawatamrudisha. Mama naye hakupenda, akauliza kwa nini ushahidi uwe kwenye nyumba ya mtu huyohuyo aliyekuwa akituzungukazunguka. Mwishowe alichukua ruhusa kazini, akasema tutakwenda wote watatu, tutakaa karibu na mlango.

Ilikuwa nyumba ya baridi, yenye makabati ya chuma marefu kuliko mama, mistari na mistari, na harufu kama ya dawa ya nondo. Mama Magazeti akafungua moja, akatoa karatasi ngumu, na juu ya kila karatasi mmea uliokauka, umebanwa, mizizi na yote, pembeni maandishi yanayosema ulitoka wapi na nani aliuchuma. Akaipanga mezani karibu na matawi yetu. Wa manjano kwa wa manjano. Mweusi kwa mweusi. Alitutaka tuangalie wenyewe: nywele za jani, miiba, jinsi kitunda kinavyoshikwa na kikonyo. Akaeleza kwamba chini ya lile jina la kutisha la Kiingereza kuna ndugu wengi, na watu wanawachanganya. Huu wa manjano ndio unaowatesa ng'ombe na watoto huku Texas. Ule wetu, majani yakipikwa vizuri, unaliwa, ila vitunda vibichi visiguswe.

"Vitunda vibichi nani anakula?" bibi akanung'unika. "Hata mbuzi hawali."

Kisha yule mama akaenda kabati la mbali kabisa, akarudi na karatasi moja ya zamani, rangi ya chai. Akaniomba nisome pembeni. Nikasoma kwa kusitasita, maana neno nililolikuta halina uhusiano na Kiingereza: Rumonge.

Bibi akasimama. Rumonge ndiko alikozaliwa. Aliinama juu ya karatasi ile mpaka pumzi yake ikawa inaigusa. Mnavu uleule, umekauka, majani yana matundu madogo ya wadudu.

"Hata wadudu wa kwetu wamewabeba," akasema. Halafu akajinyoosha, na sauti yake ilikuwa kali. "Mwulize nani aliwapa ruhusa."

Nikauliza. Mama Magazeti akayasoma tena maandishi ya pembeni. Akasema aliyeuchuma alikufa zamani, na hajui kama aliomba ruhusa. Labda hakuomba.

"Angalau huyu anasema hajui," bibi akamwambia mama.

Akakaa tena, akaivuta karatasi ya Rumonge kando ya tawi letu la Irving, akavitazama vyote viwili, jani kwa jani. Mabega yakamshuka. Hakulia. Alisema tu, kwa Kirundi, kwamba ni wenyewe, hakukosea. Alilisema kama mtu anayerudishiwa mkono wake.

Kabla hatujaondoka, Mama Magazeti akatuonyesha na lile tawi alilolikata siku ya kwanza. Limeshabandikwa. Jina la bibi, na jina la mmea: majani ya mbuzi. Bibi aliponiona nacheka akaniuliza, nikamsomea. Akaona haya, akaagiza nimwambie unaitwa mnavu, na hayo mengine yafutwe. Mama Magazeti akasema kwamba kwao hakifutwi kitu. Akachukua kikaratasi kidogo, akaandika upya, akakibandika pembeni mwa kile cha kwanza. Uongo na ukweli vikakaa ukurasa mmoja.

Yule mama aliwaandikia daktari na watu wa ustawi, akawapelekea na picha. Mtoto alipopata nguvu ya kuongea, wakamwonyesha mmea wa manjano, akasema ndiyo, vile vinyanya. Mwanamke mwenye kitambulisho akarudi, akamshika bibi mkono kwa mikono miwili, na kesi ikafungwa. Mtoto akapona kabisa. Sasa ni mtu mzima anayejaza mafuta ndege, na hakumbuki chochote.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Mama alipanda ngazi na mfuko wa maandazi, aeleze. Jirani alifungua mlango nusu. Alisikiliza, akapokea maandazi, akasema asante sana.

"Ila mtoto nimempatia sehemu ya kukaa," akaongeza. "Mwenzangu, usinielewe vibaya. Hao Wazungu na majani yao wanaweza kuandika wanachotaka. Mimi ni mama."

Asubuhi mama aliyaona yale maandazi kwenye pipa la taka, katika mfuko uleule. Hakumwambia bibi.

Bibi aliendelea kupika mnavu, wetu sisi watatu. Milango ya jengo lile haikufunguka tena mchana. Familia moja ikahama, na nyingine, na waliokuja hawakujua kwamba zamani ilikuwa vinginevyo.

Jumamosi ile, kule Fort Worth, msichana wa simu alinitolea karatasi ya bibi nikaishika mwenyewe. Mama Magazeti alishafariki. Nikamuuliza msichana nani hasa atakayeiangalia. Akasema hawezi kujua: labda mtu anayetafuta dawa, labda mtu anayechunguza hali ya hewa ilivyobadilika, labda mtu wa Rumonge. Kama yule marehemu hangeukata mnavu huu kando ya mfereji, leo kusingekuwa na dalili kwamba uliwahi kuota pale palipojengwa ghala. Bado sikumwamini sawasawa, lakini nikakubali jina lionekane. Nikamwomba tu aandike kwamba bibi alikuwa anaupika.

Mwezi uliopita kulikuwa na arusi ya Warundi, Houston. Wanawake tulipika wenyewe tangu asubuhi. Nikamwona yule jirani wa juu, amezeeka, ameketi na wakwe zake. Nikamkumbatia. Aliniambia pole kwa bibi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikamwekea chakula, wali, nyama, na mboga za majani, nikampelekea mwenyewe.

"Nani kapika?" akauliza, kwa upole.

"Ni sisi," nikasema.

Akala wali. Akala nyama. Nilipopita kukusanya sahani, mboga zilikuwa zimesogezwa pembeni, hazijaguswa, na juu yake ameweka kitambaa cha karatasi ili nisione.